Kitambaa cha Ruta

Nyumbani kwa shangazi yangu pale Lindi hakikuwepo kitu cha kukaa uchi. Redio ilivaa kitambaa, televisheni ilivaa kitambaa, hata jagi la maji. Alivifuma mwenyewe. Basi alipofungua duka la intaneti, enzi zile kila mwenye vijisenti anafungua lake, ruta, ile mashine ya kugawa mtandao, nayo ikafumiwa chake: cheupe, kizito, kina maua mekundu ukingoni. Kikaifunika gubigubi.

"Shangazi, taa zake tutazionaje?"

"Taa za nini nawe? Mtandao si upo?"

Ulikuwepo kweli, mpaka saa nne. Jua likishakolea, kompyuta zote zinaganda, wateja wanaguna, mimi nampigia fundi aliyeko Dar es Salaam. "Nisomee taa," anasema. Nafunua kitambaa. Ya umeme, kijani. Ya dishi la mtandao kule paani, imezimika. Ya pembeni, ile ya hitilafu, nyekundu. "Zima, subiri, washa." Nazima, nasubiri, nawasha, nyekundu inaondoka. Nashukuru, kisha nafunika tena kama mtu mwenye adabu zake. Kesho yake yale yale! Fundi akalaumu umeme, mimi nikamlaumu fundi, tena si kwa upole.

Wiki hiyo shangazi alikuwa na lake. Mwanamume mmoja wa hapo hapo Lindi, aliyehamia Maskati na kufiwa na mkewe, alikuwa anamposa kwa imeili, na msomaji ni mimi. Ya mwisho ilisema asipopata jibu kabla ya sala ya Ijumaa, ataelewa kuwa hatakiwi na hatasumbua tena. Nikamwambia shangazi ampigie simu.

"Mtu mzima nimwambie mwanamume ndiyo kwa mdomo wangu, duka zima linasikia? Toka hapa!"

Ijumaa mtandao ukakatika mapema. Shangazi keshapaka hina, masikini, hina ya kujibia imeili. Simu ya fundi haipokelewi. Nikafunua: nyekundu. Safari hii kitambaa kikabaki mkononi mwangu, na jamani, kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

"Shangazi! Mashine inakufa kwa joto. Ni hiki kitambaa chako."

Nilidhani atanizaba kofi. Alikichukua, akakikunja, akaanza kuipepea nacho ruta, midomo ikisoma dua. Nyekundu ikazimika. Ya dishi ikapepesa, ikapepesa, ikatulia kijani. Akanisukuma nitoke kitini, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: NDIYO.

Jibu lilifika kabla ya adhana. Lilikuwa alhamdulillahi tupu, mistari mitatu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Haukupita muda akaolewa, akaenda zake Maskati na vitambaa vyake vyote sandukuni. Duka akaniachia mimi. Ruta ikakaa wazi, taa kijani kutwa, na mtandao haukukatika tena. Nilijisifu sana, mpaka jioni moja nilipoingia sebuleni nikaikuta redio iko uchi juu ya meza, nikalia.