Taya Lililokwama Wakati wa Kuitwa Majina

Nyapara Gathogo aliliita jina langu mara ya tatu, nami nimesimama mdomo wazi, mate yakitiririka hadi kifuani. Wakati ule wa Emajensi, kwenye shamba letu la kahawa Ruiru, asiyeitika "Niko!" asubuhi alihesabiwa mtu wa msituni, mpiganaji wa Mau Mau.

"Wee, unanichezea?" Gathogo akafoka. Askari aliyesimama kando yake akakoki bunduki.

Nilikuwa nimepiga mwayo tu, taya likakwama. Mwezi mzima lilikuwa likilia ta! nikitafuna, na sikio likiuma. Njuguna, dresa wetu wa zahanati ya shamba, alisema ni meno, akaning'oa magego mawili mazima, nami mjinga nikampa kuku wa asante.

Akaitwa huyo huyo, akalisukuma kwa vidole gumba, likaingia. "Shida ni kiungo hiki cha karibu na sikio," akamwambia Gathogo, watu wakinicheka.

Njuguna, nijibu: kama ulijua, magego yangu uliyang'oa ya nini?