Kijapani Nilichotafsiri Manundu

Kijapani sijui hata salamu. Lakini kwenye banda la video pale Manundu mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri wa Kijapani, tena tegemeo. Filamu inawekwa, sauti inapunguzwa, nami nashika kipaza sauti na kuwaeleza watu Wajapani wanasema nini. Nani angenibishia? Korogwe nzima hakuwahi kutokea mtu wa kunikosoa.

Filamu zilizonipa jina ni zile za watu kugeuka mashine. Jamani, Wajapani! Mtu analala mzima, anaamka kaota nati shingoni, nyaya zinamtoka masikioni, na bado anafunga tai aende kazini. Kwetu huyo angeshafikishwa kwa mganga Handeni kabla hajanywa chai. Basi nami, kwa tafsiri yangu, nikampeleka. Nikamfanya Mzigua wa Sindeni aliyemtukana mama mkwe, sasa mama mkwe anamgeuza chuma kipande kwa kipande. Watu walicheka mpaka wakadondoka kwenye mabenchi.

Baba hakucheka, maana hakuwahi kuja. Alikuwa kijijini Mkumbara na mahindi yake, na kazi yangu aliiita upuuzi. Mkono wake wa kushoto uliliwa na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kabla sijazaliwa. Ukimuuliza ilikuwaje, anajibu, "Ilikula," halafu anaomba maji ya kunywa. Nilitaka aje siku moja tu, aone ninavyoshangiliwa. Nilitaka hivyo kuliko kitu chochote.

Jumamosi moja mchana akatokea, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia, nikamkalisha benchi la mbele. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Nilimwaga vichekesho vyote nilivyokuwa navyo. Filamu ikafika kiwandani, mkono wa yule kijana anayegeuka chuma ukanaswa na mashine, ukavutwa mpaka kiwiko. Akapiga ukelele. Nami, mjinga mimi, mzaha nilikuwa nao tayari: "Mama mkwe, niachie, sirudii tena!" Banda zima likaangua kicheko. Nikamtazama baba. Alikuwa ameukamata ule mkono mtupu wa kanzu, ameubana kifuani.

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Watu walikuwa wanacheka bado, nikaongeza mzaha wa pili.

Ilipoisha nikamfuata nje.

"Umeonaje, baba?"

"Sauti unayo," akasema. "Na watu wanakupenda."

Loo, miaka yote ile nilikuwa nasubiri maneno hayo! Nikaanza kutabasamu. Yeye alikuwa anaangalia barabara.

"Ila pale mkono ulipoingia umewadanganya, mwanangu. Yule hakuwa anamwita mama mkwe. Alikuwa anawaambia wenzake wazime mashine. Na kwa kelele zile, hawasikii."