Bafa ya transista moja iliyoirudishia adungu ya baba besi yake

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika naogopa. Hata salamu hii nimeifuta na kuiandika upya.

Ila hili la ampu yangu ya kujitengenezea lazima niliseme, na nitalisema lilivyokuwa, pamoja na sehemu za kunicheka.

Niko Kampala, upande wa Kyambogo. Nimemaliza chuo, mambo ya umeme, kazi bado natafuta. Baba ni polisi mstaafu, kwao Nebbi. Tumekulia kambini, kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili.

Baba anapiga adungu. Kwa wasioijua, ni kinubi cha Waalur, na kundi moja huwa na ndogo na kubwa. Yake ni ile kubwa kuliko zote, ya besi, ile unayoisikia kifuani.

Tatizo ni kwamba kwenye hema lenye watu, besi haifiki mbali.

Kwenye harusi ya binamu yangu, DJ aliona watu wanapiga soga, akafungulia muziki wake baba na wazee wenzake wa kundi wakiwa katikati ya wimbo. Baba akaacha kupiga. Alikaa pembeni akawa anafuta nyuzi kwa leso, polepole.

Basi ilipopangwa siku ya kumuaga dada yangu Afoyo kabla ya ndoa yake, baba akawatangazia ndugu wote: "Safari hii mashine anatengeneza kijana wangu."

Mimi sikuulizwa!

Ampu yenyewe nilikuwa nayo, nimeiunda ndani ya bati la biskuti. Ukichomeka simu inapiga safi mpaka jirani anagonga ukuta. Kwa hiyo nikabandika piezo kwenye adungu, kile kisahani chembamba kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, nikaleta waya mpaka kwenye ampu.

Siku ya mazoezi baba akapiga. Ikatoka sauti nyembamba, kama kopo linalokwaruzwa.

Baba mdogo Onen, kiongozi wa kundi, akanigeukia. "Injinia, hiyo ni adungu au ni mbu ndani ya chandarua?"

Wazee wote wakacheka.

"Subirini, kijana anarekebisha," baba akasema.

Kijana alikuwa hajui anarekebisha nini.

Baba mdogo akaacha utani. "Kaka, hatuwezi kuaibika mara mbili. Mpaka Jumamosi ya shughuli ikiwa hivi, tumwachie DJ ukumbi."

Wakuu, mnaofikiri kupita kiasi mnanielewa. Nilibadilisha kapasita za power supply. Nikabadilisha waya. Nikaazima spika nyingine. Kila nikijaribu na simu, safi. Nikirudi kwenye adungu, mbu. Nikaanza kuwaza labda adungu ina ufa, kisha labda shahada yangu ndiyo yenye ufa.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye hiyo simu.

Simu ina nguvu ya kusukuma. Piezo haina. Na mimi kwenye input, pale sauti inapoingilia ampu, nilikuwa nimeweka potenshometa (kile kitufe cha kuzungusha sauti) ya 10k, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo nyumbani. Kwa simu huo si mzigo. Kwa piezo ni gunia la mchele kichwani mwa mtoto, na kinachoanguka kwanza ni besi. Nilipopiga hesabu, kila kitu chini ya takriban 800 Hz kilikuwa kinapotea. Adungu ya baba karibu yote inaishi huko chini!

Dawa yake ni bafa. FET moja, aina ya transista, niliyoing'oa kwenye redio iliyokufa, rezista ya 1M kwenye mguu wake wa kuingizia (gate), nyingine kwenye mguu wa kutolea (source), kapasita ya kutolea sauti, na betri ya 9V. Haikuzi sauti hata kidogo. Inaipokea bila kuilemea, kisha inaisukuma kwenye ampu kwa nguvu zake yenyewe.

Kasha nililotumia ni kopo la dawa ya viatu ya baba. Polisi mstaafu hakosi kopo. Bati lake nililiunga na ground, kwa hiyo linazuia na kelele.

Baba akavuta uzi mmoja mzito. Vioo vya dirisha vikaitika.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani analeta ngoma ndani ya nyumba?"

Jumamosi nilikwenda na betri ya akiba kila mfuko. Wazee wakaanza, DJ mkono wake ukiwa tayari kwenye mixer. Kisha besi ikaingia.

Soga zikakatika. Afoyo akainuka kwenye kiti cha bibi harusi, akamvuta mama, wakacheza mbele ya baba. DJ akauondoa mkono, akakunja mikono akasikiliza mpaka mwisho.

Baba mdogo akapita karibu yangu. "We, mbu amekula nini?"

"Transista moja tu, baba mdogo."

Nilichojifunza: sauti ikiwa mbovu usikimbilie kuongeza nguvu. Angalia kwanza umembebesha nani mzigo. Na ujaribu ampu kwa chombo kitakachotumika, si kwa simu yako.

Wataalamu wa FET nikosoeni, 1M inatosha au nipandishe? Na wewe uliyewahi kuumbuliwa na input, tuambie.

Solder zangu, yale maungio ya risasi, ni mbaya, nakiri. Nilitaka kuzirudia, lakini baba amekataa. Kila mgeni akija anafungua lile kopo na kumwonyesha.

"Ziache," ananiambia. "Hizi ndizo zilizomchezesha Afoyo."