Sista aliniuliza mara mbili nimekunywa nini

Admin, jina langu usiliweke, hata la mume wangu usiliweke. Yeye ni polisi, na wake wa kambini kwetu wanasoma sana ukurasa huu.

Nina miaka 32, Mkenya, mama wa binti mmoja wa miaka mitano. Huu ni mwaka wa saba naishi Kampala, nashona sare za shule kule Mengo. Mume wangu ni mtu wa kaskazini. Mama yake ni mjane wa mwanajeshi, alilea watoto wake kambini, ambako wanajeshi wanaongea Kiswahili, ndiyo maana mimi na yeye tunakiongea. Mama mkwe huyu hajawahi kuniita mgeni hata siku moja. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Binti yangu alizaliwa kwa upasuaji, baada ya uchungu mrefu. Mimba hii ya pili ilipofika mwisho, daktari aliniambia nisisubiri uchungu kwa sababu ya kovu. Nije Alhamisi, wanipasue. Mama mkwe hakutaka kusikia.

"Wakikukata mara ya pili watakukata ya tatu, halafu watasema basi, funga uzazi. Mwanangu atabaki na watoto wangapi?"

Jumanne asubuhi alitoka soko la Kalerwe na mizizi, akaichemsha, akanipa kikombe. "Kunywa. Mtoto atakuja mbio mwenyewe."

Nilikunywa nikamaliza. Sikushikwa kwa nguvu. Hata mimi kisu nilikiogopa.

Ilipofika saa sita mchana nilikuwa siwezi kusimama. Uchungu wa binti yangu ulikuwa unakuja, unaniacha napumua. Huu haukuniacha. Tulifika hospitali, mkunga aliyenipokea nitamwita Sista Rose, si jina lake. Aliweka mkono juu ya tumbo langu akaangalia saa, akakunja uso, akaniita nyabo, yaani mama, kama Waganda wanavyomwita kila mwanamke.

"Nyabo, huu uchungu unakuja haraka sana. Umekunywa dawa ya miti?"

Mama mkwe alikuwa amesimama pale na beseni. Nikasema hapana.

Sista akamwomba mama atoke nje kidogo. Akafunga pazia, akaniinamia. "Sasa tuko wawili tu. Sema ukweli, mimi sitakugombeza. Umekunywa nini?"

Nikasema, "Maji tu, Sista."

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Mama mkwe hakuwepo. Hakuna mtu aliyenifunga mdomo. Niliona aibu tu, basi.

Sista akampigia daktari. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwingine, akasema kwa hali aliyoelezwa muda upo, nitakuwa wa pili. Sista hakuniacha. Kila mara alikuwa anasikiliza moyo wa mtoto, ananiambia, "Yupo, bambi, yupo." Bambi ni neno lao la huruma. Halafu nikasikia kitu kimeachia ndani yangu, kama kitambaa kinachochanika. Uchungu ukakatika wote. Nilidhani nimepona. Nilimwambia Sista, "Asante Mungu, umeisha." Sista alipiga kelele, wakaanza kukimbia na kitanda.

Nilipozinduka, daktari aliniambia kovu lilipasuka. Mtoto alikuwa mvulana, hakupona. Kizazi walikitoa ili niishi. Aliongea polepole, akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Nikamwuliza kama naruhusiwa kunywa chai.

Walimzika bila mimi. Siku ya tatu maziwa yakaja, nikafunga kifua kwa leso. Mpaka leo, wiki ya sita, sijalia. Watu wananiambia nina moyo. Mimi sijui nina nini. Nashona, napika, nasuka nywele za binti yangu, jioni siwezi kukumbuka nilifanya nini asubuhi.

Mume wangu anasema Sista aliniacha mpaka nikapasuka. Ameandika malalamiko hospitali, na Sista amesimamishwa kazi. Nilipomwambia aachane na hayo alinijibu, "Mama wa mtoto wangu amekatwa kizazi, halafu ninyamaze? Mimi si mwanaume?" Ni yeye tu aliyelia nyumbani kwetu. Namsikia bafuni.

Siku moja tulikuwa wawili na mama mkwe, anachagua mchele. Nikamwambia, "Mama, ile dawa ya Jumanne..."

Hakuinua kichwa. "Dawa gani?"

Akaendelea kuchagua, mchele unamwagika nje ya ungo. Sikuendelea. Bado ndiye anayenikanda kwa maji ya moto kila asubuhi.

Juzi simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni Sista Rose. Nilidhani atanitukana au aniombe nimtetee. Akasema, "Nyabo, nakusalimia tu. Kidonda kimepona?" Nikasema kimepona. Akaendelea, "Kila siku nafikiria ile siku. Natafuta ni wapi nilikosea. Kama wewe ulikiona, niambie, hata mimi nijue."

Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Jumatano hospitali wanakaa kusikiliza kesi yake. Mume wangu ameshaandika maelezo yangu kwa mkono wake, yako mezani, yanangoja sahihi yangu. Ndani kuna mstari unaosema sikutumia dawa yoyote. Daktari mwenyewe aliuliza nilipokuwa wodini, na nilimjibu hivyohivyo, kwa hiyo huu utakuwa uongo wa nne.

Nikisema ukweli, mume wangu atajua ni mama yake na mimi, na sijui kama nyumba hii itabaki na mtu. Nikitia sahihi, Sista atapoteza kazi akiamini kuwa alimuua mtoto wangu.

Pole nimeshapewa nyingi, sizihitaji tena. Ninyi mliowahi kubeba kitu kama hiki, nielekezeni: nianze kumwambia nani, na nianze na neno gani?