Swali la Shangazi Ukumbini Bungoma

Shangazi yangu, dada ya baba, aliishi juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali palipoinuka kiasi kwamba mtu akipalilia viazi hushikilia mgomba kwa mkono mmoja. Sisi watoto wa kaka zake tulimwita senge, kama ilivyo desturi yetu.

Mwaka ule mvua ilichelewa, na ilipokuja haikujua kukoma. Senge alikuwa ameshuka Lugulu kumuuguza binti yake aliyejifungua katika hospitali ya misheni. Akiwa huko, mchana, mlima ukaporomoka. Alipofika nyumbani hakukuta nyumba, wala zizi, wala mume wake aliyekuwa amebaki kulinda ng'ombe. Kulikuwa na udongo mwekundu tu, laini kama ugali ambao haujaiva.

Majirani walichimba kwa majembe hadi wakaamriwa waache, kwa sababu ardhi ilikuwa ingali inasogea. Mzee hakupatikana. Watu waliokuja matangani hawakujua kama waimbe au wangoje.

Nilimleta senge kwangu Kibomet, pale Kitale. Alifagia uwanja hata usipokuwa na taka. Jioni alisimama mlangoni akiutazama mlima, na siku za mawingu hakuutazama kabisa.

Wakati huo nilikuwa nikijitolea katika kikundi kidogo cha kutetea haki za watu walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Tulikuwa tukisema katika kila mkutano kwamba nchi zilizojaza hewa moshi ziko mbali, na wanaolipia ni watu kama senge. Tuliposikia kwamba wageni kutoka ng'ambo watakuja Bungoma kusikiliza wakulima, kiongozi wetu aliniomba nimlete.

"Mimi nitaambia hao watu nini?" senge aliniuliza.

"Yale yaliyokupata, senge. Hayo tu."

"Na wakishasikia?"

Nilimwambia kwamba wana sauti kubwa huko kwao. Alifunga kitambaa chake cha kanisani, tukaenda.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe na maji ya chupa kila meza. Mkulima mmoja wa Tongaren alieleza jinsi mahindi yake yalivyokauka kabla ya kubeba. Kisha senge akaitwa. Alikataa kipaza sauti.

"Nimesikia wakisema moshi ya kwenu ndiyo imeharibu mvua yetu," alisema. "Sawa. Mimi sijakuja kugombana. Mzee wangu ako kwa matope, na sijamzika. Nani kati yenu atakuja kunisaidia kumtoa?"

Mkalimani alisita. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anawashukuru wageni na anaomba msaada kwa waathiriwa.

Nilisimama. Sikuzoea kuwakatiza walionizidi umri. "Hakusema hivyo," nilisema, kisha nikayatafsiri maneno yake moja baada ya jingine.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi, alivua miwani akaiweka mezani. Nafikiri huyo peke yake ndiye aliyemsikia. Kiongozi wetu alishukuru upesi, akasema ratiba imetubana, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Tukiwa nje senge aliniuliza, "Walikuwa wanapiga makofi ya nini?"

Tulinunua ndizi, tukarudi Kitale.

Baada ya miezi kadhaa ukoo ulikata shauri. Kwetu, mtu asipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake. Walilikata refu kama mzee alivyokuwa, wakalivisha koti lake la Jumapili alilokuwa amelisahau kwa binti yake, wakalilaza katika jeneza. Senge alifunga vifungo vya mkono wa koti, polepole, kisha akakaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo alipolia.

Kiongozi wetu aliniomba picha za mazishi ya kuwatumia wageni. Nilikataa. Alinieleza kwa upole kwamba bila picha, hadithi hizi hazifiki mbali, na huenda ni kweli. Bado nilikataa. Niliendelea na kikundi, lakini tangu hapo hatukuzungumza kama zamani.

Mteremko ule ulitangazwa kuwa hatari, na watu wakakatazwa kuishi pale. Waliahidiwa ardhi tambarare. Mwanzoni tuliifuatilia ahadi hiyo ofisi kwa ofisi, na kila mahali tulipokelewa vizuri, tukaambiwa tungoje. Senge alichoka kungoja. Alirudi juu, akajenga kibanda cha mabati kando ya shamba la zamani, akapanda viazi katika udongo uleule.

Siku hizi mawingu yakiufunika mlima, huwa nampigia simu.

"Kunanyesha huko?"

"Kunanyesha."

"Shuka basi, senge. Kuja kwangu."

Nasikia mvua ikipiga mabati. "Nitakuja kwako nikae mpaka lini?" huuliza. Halafu huniuliza hali ya watoto wangu, nami humweleza, mmoja mmoja, hadi mtandao unapokatika.