Saa ya Kusoma, Saa ya Maji

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonijua Lodwar watakwambia hivyo kabla hawajakwambia kazi yangu. Mwaka 2012, nilipohamia shule moja ya msingi katika kambi ya Kakuma kufundisha darasa la pili, hasira hizo nilizimalizia kwenye ratiba. Watoto walikuwa zaidi ya mia, wengine bado wanang'oka meno ya utotoni, wengine wananizidi kimo. Vitabu vilikuwa vichache, wanagombania kimoja vichwa vikigongana. Na mabati yakishashika moto baada ya uji, hakuna anayesoma tena, wanasinzia tu. Kwa hiyo kusoma nilikuweka kipindi cha kwanza, vichwa vikiwa bado baridi, na kengele ikilia nafunga mlango. Aliyechelewa anangoja nje mpaka kipindi kiishe. Mwalimu mkuu akaniambia nina roho ngumu. Nikamjibu anipe darasa lenye kivuli, nami nitampa roho laini.

Hata leo mlango ule nitautetea. Ukimfungulia mmoja, watoto wote wanageuza shingo, na kuwarudisha kwenye ukurasa ni kuanza upya.

Kati ya waliobaki nje alikuwepo msichana kutoka Sudan Kusini, wa miaka kumi na tatu hivi, mrefu, mpole, bega la gauni limelowa kila asubuhi. Sababu niliijua. Bomba la mtaa wao lilifunguliwa alfajiri, foleni ilipita saa ya kengele, na yeye ndiye aliyemtekea maji mama yake mdogo, muuza chai wa sokoni. Bila maji hakuna chai, na bila chai watu wa nyumba ile wanalala njaa. Basi aliketi chini, mgongo kwenye ukuta wa mabati, akangoja.

Muhula wa mwisho mama mdogo akaja kuniona. Mwanamke mwembamba, Kiswahili chake cha sokoni, cha kukata. Akanieleza kuwa huu ni mwaka wa pili binti yuko darasa la pili. Akishindwa tena kusoma, harudi shule, atakaa naye pale mekoni. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu.

Siku hiyohiyo nikamwita msichana mezani nikampa kitabu, nikijua hajui kitu. Akaanza hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya babu, akaitiririsha bila kukwama. Nikaanza kufurahi, lo, hadi akafika katikati na kusema kwa sauti ileile ya kusoma, "Babu akaitafuta kofia yake, na wewe wa nyuma toa kidole puani, akaikosa." Nikakitazama kitabu. Alikuwa ameufungua ukurasa wa samaki.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka nikiwa sicheki. Mtoto huyu alikuwa amekaa nyuma ya bati mwaka mzima akameza kila neno nililosema, pamoja na ukali wangu, na hakuna herufi hata moja aliyoijua.

Kesho yake alfajiri nikaenda bombani na kitabu chini ya leso. Wanawake wa foleni wakaniamkua kwa Kiturukana, "ejok", huku wakinicheka, eti mwalimu naye amekosa maji. Pale mitungi ya plastiki ndiyo inayopanga foleni. Mwenyewe anakaa kando, na laini ikisogea anausukuma wake mbele kwa mguu. Kati ya kusukuma na kusukuma, tulisoma. Maneno sikumfundisha, alikuwa nayo tayari. Nilichotaka ni kidole chake kikae chini ya neno lile linalosemwa na mdomo. Mwanzoni mdomo ulikuwa mbio na kidole kiko nyuma kinatafuta. Asubuhi moja mdomo ukasimama ukakingoja kidole, kwenye neno "kofia". Akalitazama. Akalipata tena mstari wa chini, akalipata ukurasa wa pili, akaziba mdomo kwa kiganja akicheka. Nilimpenda sana mtoto yule asubuhi ile, siwezi kusema vingine.

Kengele ilipolia nilikimbia shuleni nikimwacha na mtungi wake. Tukaenda hivyo siku baada ya siku, mpaka hadithi za darasa zikaisha, nikamfungulia moja ambayo darasani tulikuwa hatujaigusa, ya mvua kunyesha siku ya soko. Hiyo ilimkaba. Tukaishughulikia mpaka tukasahau kusukuma mtungi, na Kakuma anayelala kwenye foleni anapitwa. Tulipoinua macho, waliokuwa nyuma yetu walishajaza na kuondoka, na mama mdogo yuko mbele yetu. Wateja walikuwa wanangoja, kuni zinaungua bure. Akaniambia mbele ya watu kwamba mimi nina mshahara, yeye ana birika tu. Nikafungua mdomo nimjibu, mnanijua.

Msichana hakungoja. Akafungua hadithi ya mvua, akaanza, polepole, kidole chini ya neno. Akakwama. Akarudi nyuma, akalijaribu tena, likatoka. Akaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Mama mdogo alimsikiliza huku ameshika kiuno. Habari za mbuzi na kofia alizijua, maana msichana alikuwa akiwasimulia wadogo zake nyumbani.

"Hii pia ulisikia kwa ukuta?" akamuuliza.

"Hapana, mama. Hii hakuna mtu alinisomea."

Mama mdogo akapangusa mkono kwenye gauni, akaugusa ukurasa, akaurudisha mkono. Kisha akauinua mtungi, akaenda kusimama mwisho wa foleni, na bila kutugeukia akatuambia kengele imelia zamani, twende.

Tangu siku ile maji aliteka yeye mwenyewe. Mwaka 2013 wote chai yake ilichelewa kufika sokoni, wateja wakanung'unika, wakazoea, na msichana alikuwa darasa la tatu.