Shangazi Anayenunua Kamera kwa Masikio

Watu wengine hununua kamera kwa macho. Wanaigeuza, wanafuta vumbi kwa kidole gumba, wanachungulia kwenye lenzi kama wanamtafuta mtu aliyejificha humo. Shangazi yangu hununua kwa masikio. Anaikaza kamera springi, anaisogeza sikioni, anafumba macho, anabonyeza. Akishasikia kile kipazia cha ndani kinavyofunguka na kujifunga, anakuambia kama ni nzima au ni maiti iliyopakwa poda.

Hayo hakuyasomea. Miaka thelathini na moja alikuwa anasafisha picha za eksirei hospitalini, kwenye chumba cha giza, na mtu akikaa gizani muda wote huo anazoea kuona kwa masikio. Alikuwa anajua ni daktari gani amesimama mlangoni kwa jinsi anavyovuta kamasi. Alipostaafu, kuna studio moja ya picha ilifungwa na vitu vyake vikapelekwa mnadani. Shangazi alikwenda kununua stuli. Akarudi na kamera tatu, na stuli hakuna.

Sasa anazo hamsini na kitu, ukiacha lenzi, flashi na mikoba ya ngozi iliyokakamaa, zote zimepangwa kwenye kabati la vyombo. Vyombo vyenyewe viko chini ya kitanda. Ukimtembelea chai unapewa, ila kwanza umsubiri apige magoti achomoe kikombe. Mume hana. Habari hiyo, anasema, alishaimaliza.

Mnada unafanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye ghala la bati nyuma ya karakana ya magari. Sheria zake ni fupi. Kuna nusu saa ya kukagua, hairuhusiwi kufungua kitu kwa bisibisi wala kutia mkanda, na dalali akishagonga nyundo mali ni yako, hata ikikufia mlangoni. Kwa hiyo ile nusu saa ndiyo kila kitu. Na mle ghalani masikio ya shangazi yalikuwa na heshima yake. Wachuuzi walikuwa wanaangalia uso wake kuliko wanavyoangalia mali. Yeye alishalijua hilo, kwa hiyo alikuwa anaweza kusikiliza takataka dakika tano nzima, huku anatabasamu kama kasikia habari za harusi, ili wenzake wakaigombanie hiyo.

Mpinzani wake mkubwa ni bwana mmoja tunayemwita Miwani Mbili, maana moja iko puani na nyingine kwenye paji la uso, na hakuna aliyewahi kumwona akizibadilisha. Yeye humwita shangazi shemeji. Ni shemeji kwa ndoa ya nani, usiniulize.

Mimi nilikuwa mwenye gari na mwenye mgongo. Basi kwa kuwa naye kila mwezi, nikaanza kuona mambo. Namuuliza kama amekula, ananiambia mvua bado. Redio yake ikawa inasikika mpaka kituo cha basi. Nilipomwambia, akasema ametia betri mpya. Miezi miwili mfululizo akanunua kamera mbovu, yeye ambaye hajawahi kununua hata moja ya namna hiyo. Akasema aliyezipakia kazigongesha. Aliyezipakia ni mimi, na nilizibeba kama mayai.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mezani kulikuwa na kamera ya macho mawili, ile ya sanduku yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo mpiga picha anaiinamia na kutazama kutoka juu kama anachungulia sufuria. Shangazi alikuwa ameitafuta miaka sita. Akaikaza, akaweka kipazia kikae wazi sekunde moja, kipimo ambacho ndicho kinachoziumbua kamera za zamani, akaibandika sikioni, akabonyeza. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake na niliisikia vizuri: zzzzz, halafu tak, kama nyuki aliyefungiwa mlango.

Shangazi akafumbua macho. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Akairudisha mezani.

"Imekufa," akasema.

Nilidhani ni ujanja wake wa siku zote. Ila mkono wake haukutaka kuiachia, na mtu anayeigiza haishiki kamera namna ile. Hapo nikaelewa yote, na nikatamani nisingeelewa. Nikinyamaza, anarudi nyumbani bila kamera ya miaka sita. Nikisema, namvua nguo mbele za watu. Nikamwinamia upande wa kulia, ambao niliuona una nafuu.

"Shangazi, inalia."

"Nani analia?"

"Kamera. Inalia vizuri."

Hakusikia. Nikapandisha sauti kidogo, wapi. Nikapandisha tena. Mwisho nikajikuta mimi, mwanaume mwenye mvi na watoto wanne, nimesimama katikati ya ghala namlilia shangazi yangu zzzzz tak, nimeuweka mdomo mbele ya macho yake auone. Akauangalia. Akaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba kamera ni nzima, na kwamba mimi nimejua. Aliufunga mkoba wake, akauweka begani.

Nusu ya ghala ilikuwa imesikia. Miwani Mbili, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akashusha ile miwani ya juu.

Zamu ya kamera ilipofika, bei ikaanza kupanda. Shangazi anainua kidole, Miwani anainua kalamu, kidole, kalamu, wengine wote wakajitoa. Mwishowe Miwani naye akatia kalamu mfukoni na kutikisa kichwa. Dalali akatangaza bei ni ya mama, mara ya kwanza. Shangazi akainua kidole. Watu wakatazamana. Dalali akamwambia taratibu kwamba, mama, bei tayari ni yako. Akainua tena. Alikuwa anamkazia macho mdomoni asome anachosema, na dalali yule ana masharubu yaliyoufunika mdomo wote kama pazia. Kicheko kikaanzia nyuma. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya friji na mtu mnene, kumfikia siwezi.

"Dalali," Miwani Mbili akasema, wala hakugeuka, "shemeji anajikuna tu. Andika bei ile niliyomwachia."

Dalali akafikiri kidogo, akagonga nyundo.

Kwenye gari shangazi aliipakata kamera. Akaniuliza walikuwa wanacheka nini. Sikuwasha gari. Nilimgeukia, nikamwambia polepole, uso kwa uso, kwamba alikuwa anashindana na yeye mwenyewe.

Akasema amejua kwamba masikio yanamwacha yapata mwaka na zaidi. Daktari alimwandikia karatasi ya kifaa cha masikio, na karatasi iko kwenye droo. Kifaa chenyewe hakimtishi.

"Mle ndani mimi ni mtu kwa sababu ya masikio," akasema. "Wakijua yamekwisha, nitakuwa bibi kizee aliyekuja kununua sufuria."

Nikamjibu kwamba sufuria nazo zina kazi yake. Bahati nzuri hakusikia.

Akafungua kile kifuniko cha juu cha kamera, akainama kuchungulia. Kidevu kikagusa sanduku. Akabonyeza. Nikamwona ametulia tuli, kama mtu aliyeitwa jina na hajajua na nani. Akaikaza upya, safari hii akaibandika kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio, akafumba macho. Akafanya hivyo mara nne.

"Inatetemeka mfupani. Sekunde moja na robo," akasema. "Inachelewa. Mafuta yamekauka."

Nikabisha. Nilimwambia mimi niliisikia kwa masikio yangu na ilikuwa safi.

"Wewe ulisikia mlio," akasema. "Mlio hata debe linao."

Jumatatu tuliipeleka kwa fundi wa saa. Akaifungua, akaipima, akasema inachelewa robo sekunde, mafuta yameganda. Shangazi wala hakunitazama. Ingekuwa afadhali angenitazama.

Mwezi uliofuata aliingia ghalani, akaenda moja kwa moja mbele ya dalali na kutangaza kila mtu asikie kwamba yeye hasikii, bei aonyeshwe kwa vidole, na masharubu hayo yapunguzwe. Halafu akachukua kamera ya kwanza mezani, akaibandika tayani. Hakuna aliyecheka. Siku hiyo alinunua mbili, zote nzima. Kifaa cha masikio alikichukua baadaye. Anakivaa nyumbani, mnadani anakivua, anasema kinamletea kelele za watu.

Siku hizi ukiingia wakati wa kukagua utawakuta wanaume wazima wanne wamebandika kamera mashavuni na macho wamefumba, utadhani foleni ya kung'oa meno. Nilimuuliza Miwani Mbili anasikia nini. Akaniambia hasikii chochote, anapata baridi ya chuma tu. Lakini hakuiondoa shavuni mpaka alipomwona shangazi ameiondoa yake.